Mbuzi za Shindano

Shindano ya kwanza ya dawa ya mutoto wangu ilikula kuku mbili. Ya pili ikakula mbuzi. Ya tatu, enfirmie aliniambia, itakula mbuzi muke yenye tumbo, na miye pa nyumba nilikuwa nimebakia na jogoo moja ya kuchechemea.

Nianze na mutoto, juu bila yeye hadisi hii haina kichwa. Alikuwa wa kwanza wangu, musichana, ameanza kutembea, tena anatembea na kiburi, anashika majani ya maharagi kama vile anashika mukono wa nyanya yake. Halafu buba ikamukamata. Nyinyi wa leo hamujue buba. Inaanza na kidonda kimoja, kinavimba, kinatoa kichwa chekundu kama tunda ya porini, halafu kinazaa vingine. Kwenye unyayo, kwenye magoti, pembeni ya mudomo. Mutoto wangu akakataa kusimama. Akarudia kutambaa, na nzi zinamufuata nyuma kama vile wanamuke wanafuata bibi-arusi.

Bwana yangu alikuwa kazi ya mugodi kule Walikale, anarudi mara moja kwa mwaka na kitambaa cha pagne na kikohozi. Nyumbani tulikuwa miye, mutoto, na mama mukwe, na shamba ya maharagi na mihogo yenye inaninginia kwenye mulima kama mbuzi kwenye jiwe.

Disipanseri ilikuwa chini, kwenye barabara ya kushuka Lushebere. Matofali, bati, na mbele majiwe yamepakwa chokaa, yamepangwa kama meno. Enfirmie, muuguzi wa pale, hakukuwa muntu wa kwetu. Alitoka mbali, upande wa mutoni mukubwa, na kaputula nyeupe, soksi mupaka magoti. Sauti yake ilipitaka ndani ya pua. Miye naigaka sauti za watu tangu utoto, nilipigwa fimbo mingi juu ya ile, lakini yake ilikuwa rahisi: unafunga pua kidogo, unainua kidevu, unasema kila neno kama vile umelipaka mafuta.

"Bon. Mama. Hii dawa inatoka Ulaya. Inavuka maji. Inapanda gari ya moshi. Inapanda kamiyo. Halafu inapanda hii mulima yenu. Weye unafikiri inapanda bule?"

Nikamupatia kuku mbili. Akazifungua mabawa, akaangalia chini kama vile kuku njo iko mugonjwa.

"Hizi ni za shindano. Ya pamba iko wapi?"

Pamba ilikuwa yai. Moto wa kuchemushia shindano ulikuwa mutumba wa kuni, kavu, si mbichi. Kuangalia ulimi wa mutoto kulikuwa kipimo ya maharagi, na ule ulimi aliuangalia kama muntu anaangalia inje kama mvua inakuya. Kukaa kwenye banki ya mbao kungoja zamu, unafyagia kwanza kiwanja. Wakati nilirudi nyumbani na nikahesabia mama mukwe, yeye akatosha kiko mu kinywa, akauliza:

"Na kupumua mule ndani, walikuomba nini?"

Mama mukwe alikuwaka vile. Muzee, masikio mazito, anasikia tu kitu chenye anataka. Lakini mbuzi ya shindano ya pili ilikuwa yake. Aliifungua mwenyewe kwenye muti, akanipa kamba mu mukono. Ilikuwa mbuzi ya madoa, ya maziwa mingi. Ile siku hakuvuta kiko.

Na shindano zilikuwa zinafanya kazi. Njo kitu kibaya hicho. Kama ingekuwa dawa ya bongo, ningemutukana na ningebakia na mbuzi yetu. Kisha ya kwanza vidonda vya mudomo vilikauka. Kisha ya pili mutoto alisimama, ameshika kitanda, ananiangalia kama vile anataka tumupigie makofi. Nikamubeba mbio kwa enfirmie nimuoneshe, mupumbavu miye. Akafurahi sana.

"Unaona sasa? Mutoto anapona. Mara ya kwanza haukujua kama dawa ni ya kweli, bei ilikuwa chini. Sasa umeona na macho yako. Bei inapanda. Inabakia mbili. Ya tatu, mbuzi muke yenye tumbo."

"Papa, sina tena mbuzi."

"Basi ngoja ukuwe nayo." Akapangusa mikono. "Lakini usingoje sana, mama. Ukiachaka buba katikati, inarudi na kasirani. Inaacha ngozi, inaenda mu mifupa. Inapenda pua."

Hakudanganya. Ile muntu, kwa mambo ya ugonjwa hakudanganyaka. Na kila muntu wa mulima alijua pua gani alikuwa anasemea.

Jirani yangu, wa chini ya migomba yetu, alikuwa mujane na kijana moja. Alimupeleka kijana kwa shindano ya kwanza, akalipa na jembe yake. Kwa ya pili hakukuwa na kitu. Enfirmie akamuambia, na hapa tena mufunge pua: "Mama, miye niko muntu wa huruma. Nitakupa mbuzi zangu uchunge. Kazi yako nitaihesabia kwa shindano." Akamupelekea mbuzi muke tatu. Jirani akachunga. Akazikatia majani mu mvua, akazifungia ndani ya nyumba yake pamoja na mutoto wake, juu ya kuogopa chui. Zikazaa, zikazaa tena. Kila mara anashuka kuuliza shindano, anajibiwa: "Bado sijahesabu." Akachunga mupaka buba ikarudi kwa kijana, na ikapenda pua. Ikaikula polepole, kama panya anakula muhogo kutoka ndani. Wakati huu nasemea, kijana alikuwa na shimo pale, anafunika na jani ya mugomba, na wenzake hawakutaka kula naye.

Mutaniuliza, enfirmie alikuwa na mbuzi mingi namna gani na anakaa kwenye nyumba ya serikali? Njo vile. Wazungu wa kuangalia usafi walikuyaka na pikipiki bila kusema, wanaangalia vyoo, wanaangalia kila pembe. Wangekuta mbuzi kwenye disipanseri wangeuliza. Kwa hiyo mbuzi ya malipo haikulalaka pale hata siku moja. Asubui inalipwa, magaribi imepanda mulima, inaenda kwa muntu wa kuchunga. Alizitawanya kwetu, kwa ng'ambo ya mutoni, mupaka njia ya Kashuga. Alifikiri amezificha vizuri. Muntu wa mbali. Alijua kuchungisha kama vile kule kwao, hakujua kuchungisha kama vile kwetu.

Kwetu, ukichungisha muntu mbuzi, kuko sheria tangu wazee wa wazee. Kitoto kimoja cha kila mbuzi iko ya mwenye kuchunga. Enfirmie hakutoa hata kimoja, alizikamata zote. Ile ilikuwa wizi lakini wizi wa kawaida. Sheria ingine njo ilimuua. Mbuzi ikizaa, mwenye kuchunga anaileta na vitoto mbele ya mwenye mali, mbele ya watu, na majani mu mukono, anasema: mali yako hii, imezaa. Mwenye mali anajibu: nimeona. Akisema si yangu, wazee wanasema tumesikia, na inakuwa ya mwenye kuileta, kamba na kwato. Hakuna muntu alikataaka mbuzi yake. Nani atakataa? Kwa hiyo hata sisi tulikuwa karibu kusahau kama ile sheria iko na mulango wa pili.

Lakini ile wakati sikuwaza sheria. Niliwaza mbuzi yenye tumbo, nitaitosha wapi. Nikabeba maharagi sokoni, nikabeba mutoto mugongoni. Unyayo wake ulikuwa umeanza tena kuwa na alama nyekundu, ndogo, kama kuumwa na siafu. Niliiona asubui wakati namuogesha. Sikuambia mama mukwe.

Sokoni kulikuyaka wanamuke wa Walikale na mafuta ya mawese. Wanapanda toka pori na vibuyu vyekundu, wanashuka na maharagi yetu. Moja alikuwa mukubwa, mabega kama mulango, na muguu wake ulikuwa na kovu ya buba ya zamani. Anasema haraka, maneno yanasukumana kama watoto kwenye mulango wa kanisa. Akaangalia muguu wa mutoto wangu.

"Dada, hii buba mumeiacha katikati. Juu ya nini?"

"Inangoja mbuzi."

"Mbuzi gani?"

"Ya shindano ya tatu."

Akatua kibuyu. "Dada, rudilia, mafuta inanifanya nisisikie. Munalipa shindano?"

Nikamuhesabia. Kuku, yai, kuni, ulimi. Wakati nilifika kwa kufyagia kiwanja juu ya kukaa kwenye banki, yule mama alikamata tumbo, akacheka mupaka wenzake wakakuya kuangalia.

"Mukuye musikie, ku Masisi hapa watu wananunua shindano. Dada yangu, kwetu Walikale enfirmie anatufuata na polisi. Tunakimbia mu pori, wanatufukuza kama nguruwe, wanatukamata, wanatupiga shindano kwa nguvu. Hata yai hakuna. Serikali ya Wazungu inaleta bule, inataka watu wa kazi wakuwe wazima. Na nyinyi munalipa? Mutuletee huyu enfirmie wenu kwetu, tumupe mwiko mukubwa, juu anajua kula."

Alicheka, miye sikucheka. Nilisimama pale na maharagi kwenye kichwa. Niliona mbuzi ya madoa. Niliona jembe ya jirani. Niliona ile shimo chini ya jani ya mugomba. Mbele ya ile siku nilikuwa nalalamikia bei. Kutoka ile siku nikamuchukia enfirmie kama vile muntu anachukia jiwe ndani ya maharagi kisha imemuvunja jino.

Nikapanda nyumbani bila kuuzisha kitu. Nikaita jirani, nikaambia yeye na mama mukwe. Jirani alikuwa na sauti ya chini, kama muntu anasema ndani ya mutungi. Hakulia. Aliuliza kitu moja tu: "Bule? Hata ile ya kwanza?"

"Hata ya kwanza."

Akaangalia mikono yake. Ilikuwa na mistari ya kamba za zile mbuzi.

Nikasema twende kwa mwami, chifu wetu. Mama mukwe akasema polisi wa mwami njo wanakulaka miguu ya zile mbuzi, na siku ya sikukuu wanakula na mapaja. Nikasema basi dokta muzungu, anakuya kisha siku kidogo, watu wote wameitwa kusimama mustari waangaliwe. Tutamuambia. Jirani akasema na ile sauti ya mutungi: "Na dokta anasikia Kiswahili?"

Dokta alijua "kaa", "simama" na "toa ulimi". Mambo ingine yote, mutafsiri alikuwa enfirmie mwenyewe. Nikaona ginsi itakuwa, nikawaonesha, nikasimama katikati ya nyumba nikafanya sauti zote mbili. Sauti ya mwanamuke: "Bwana Dokta, huyu muntu amekula mbuzi yetu yote." Nikafunga pua: "Dokta, huyu mama anasema aksanti sana, mutoto anakula vizuri." Mama mukwe akacheka mupaka kiko ikaanguka. Jirani hakucheka.

Halafu mama mukwe akaokota kiko, akapuliza majivu, akasema, polepole tu, kama vile anasemea mvua:

"Mbuzi haina kazi na mutafsiri."

Tukamuangalia.

"Zimezaa, si vile? Na mwenye kuchunga anapaswa kuonesha. Muoneshe. Siku dokta iko pale. Aseme zangu, dokta amuone. Aseme si zangu, wazee wamusikie. Hakuna njia ya tatu."

Masikio mazito, lakini kichwa, acha.

Kisasi iko kama kasiksi, pombe ya ndizi. Ukiifungua mbio unakunywa maji ya ndizi. Tukanyamaza. Jirani akapita kwa wachungaji wote, mulima kwa mulima, usiku hapana, muchana, na kikapo ya mihogo juu ya kichwa, kama muntu anatembelea ndugu. Hakuna hata moja alikataa. Kila nyumba ilikuwa na deni yake mu tumbo. Bibi ya katekista mwenyewe alikuwa anachunga mbili, na alisema bwana yake asijue mupaka ifanyike, juu bwana yake anaweza akaomba tumusamehe enfirmie mbele ya wakati. Muntu wa njia ya Kashuga akasema anazo ine, lakini ya madoa haiko tena. Ilikuliwa Pasaka, pamoja na polisi. Jirani aliniletea ile habari. Sikuambia mama mukwe mara moja. Nilienda kwanza nikalima, nikalima mupaka jua ikazama, na kila bonge ya udongo ilikuwa na soksi mupaka magoti.

Siku ikafika. Barabara ilikuwa imefyagiwa, majiwe yamepakwa chokaa mupya. Dokta alikuwa muzungu murefu, mwembamba, mwekundu ku shingo, anaangalia watu kama muntu anachagua mbegu. Enfirmie alikuwa karibu yake, anang'aa, anajibu mbele hajaulizwa. Watu mustari murefu. Wazee wa mulima wamekaa kwenye majani, pembeni, juu mama mukwe aliwaambia wasikose, kuko jambo ya mbuzi. Ukisema jambo ya mbuzi, muzee hakosi.

Jirani akatangulia. Mbuzi muke tatu na vitoto nyuma, zinalia, na kijana wake anashika ya mwisho. Leo jani ya mugomba hakuvaa. Mama yake alimuambia aiache nyumbani.

Akasimama mbele ya meza ya dokta, majani mu mukono. Ile sauti ya mutungi ilipanda. Sikujua iko na sauti ile.

"Papa enfirmie, mali yako hii. Imezaa. Nimekuya kukuonesha."

Enfirmie akasema polepole, meno yamefungwa: "Mama, peleka hiyo. Peleka. Kesho."

"Papa, sheria haina kesho. Mali yako imezaa. Uiangalie."

Dokta akasema kitu kwa Kifaransa. Sikukijua, lakini kidole chake kilionesha mbuzi, halafu macho yake yakaenda kwa enfirmie, na nyusi zikapanda. Ile nyusi hata mutoto angeitafsiri.

Enfirmie akacheka kidogo, akajibu Kifaransa mingi, anatingisha kichwa. Jirani hakusogea. Kitoto cha mbuzi kikapanda miguu mbele juu ya kiatu ya dokta. Muzee moja akapayuka toka kwenye majani: "Enfirmie, iko yako ao haiko yako? Mama anangoja."

"Si yangu," enfirmie akasema.

"Zote tatu?"

"Sijue hizi mbuzi. Si zangu."

"Na vitoto?"

"Na vitoto. Muzitoshe hapa."

Wazee wakasema pamoja, kama vile wanajibu misa: "Tumesikia."

Jirani akageuza. Ile namna aligeuza, shingo imenyoka, na mbuzi sita nyuma yake zenye zilikuwa za muntu asubui na sasa ni zake, sitaisahau. Lakini hakuenda nyumbani. Alienda kufunga mbuzi kwenye muti na akarudi, akasimama na kijana wake mu mustari ya shindano.

Halafu bibi ya katekista. "Papa, mali yako." "Si yangu." "Tumesikia." Halafu muntu wa ng'ambo ya mutoni. Halafu wa Kashuga na zake. Kila moja na majani, kila moja na heshima, hakuna mwenye alimutukana hata neno moja. Enfirmie alikuwa analoa. Ile kola nyeupe ilikuwa imegeuka rangi ya mukeka. Alikataa mbuzi yake moja moja, na sauti ya pua ikapotea, ikabakia sauti ya kawaida ya muntu mwenye anaibiwa na hawezi kulia. Miye nilikuwa naihesabu ile sauti. Nilikuwa naikula kama nyama.

Miye nilikuwa wa mwisho. Jirani alinipa kamba ya moja ya zake, mbuzi muke, na ilikuwa na tumbo tena. Mutoto mugongoni, unyayo wake inje, na zile alama nyekundu. Mama mukwe nyuma yangu na kiko.

Enfirmie aliona kamba, akasema mbele sijafungua kinywa: "Si yangu."

"Papa, najua si yako. Iko ya jirani yangu, ameniazima. Nimekuletea malipo. Uliniambia shindano ya tatu ni mbuzi muke yenye tumbo. Shika tumbo yake, usikie."

Dokta akauliza tena kitu. Enfirmie akapanguza uso.

"Mama, shindano hailipwi na mbuzi."

"Inalipwa na nini, papa? Na jembe?"

"Hailipwi."

"Sisikie vizuri, papa. Mutoto analia." Mutoto wangu alikuwa amenyamaza kabisa, ananyonya kidole.

"Iko bule," akasema.

Nikageukia nyuma. "Mama, umesikia?"

Mama mukwe akaweka mukono ku sikio. "Anasema nini?"

"Papa, umusaidie. Iko muzee. Sema na nguvu."

"Bule," enfirmie akasema. "Shindano iko bule. Ya muntu yote. Bule."

"Na pamba?"

"Na pamba."

"Na ulimi?"

Akaniangalia. Nikamuangalia. Kama macho ingekuwa shindano, miye ningekuwa maiti leo.

"Na ulimi," akasema.

"Tumesikia," wazee wakasema, na hii mara hata mustari yote ikasema, wanamuke, watoto, mupaka polisi moja akasahau akasema pia.

Nikafungua mutoto. Enfirmie akakamata shindano. Nikamuambia na sauti ndogo, sauti ya kumubembeleza: "Polepole, papa. Huyu si mbuzi." Akapiga. Mutoto akalia sana. Sijasikiaka kilio kitamu vile.

Nyuma yangu walifuata wamama wote wenye walikuwa wameachia katikati. Jirani alimusukuma kijana wake mbele. Enfirmie akaona ule uso bila jani, akainama haraka juu ya mukono wa kijana. Dokta naye akauona. Akashika kidevu cha kijana, akageuza huku, akageuza huku, akatingisha kichwa, akasema kitu kwa enfirmie, neno fupi. Enfirmie hakutafsiri.

Munataka niseme dokta alielewa, alimufunga enfirmie, na polisi wakalia. Hapana. Mbele ya kupanda gari yake dokta alimupiga enfirmie ku bega, kwa furaha, juu hajaonaka watu mingi vile wanatafuta shindano wenyewe. Nafikiri alisema: hawa watu wa mulima hii wanapenda dawa, na wanapenda kutembea na mbuzi. Gari ikaenda. Enfirmie akabakia katikati ya majiwe meupe, na kila pahali kwenye alikuwa anaangalia kulikuwa mbuzi yenye aliikataa, inakula majani yake.

Kutoka pale hakuomba tena hata yai. Hangeweza. Ukifika tu, unauliza kwenye mulango na sauti kubwa: "Papa, leo iko bule ao bule kabisa?" Tulimupeleka mutoto kwa ya ine. Buba ikaisha, unyayo ukabakia na kovu kama mbegu za mahindi, na akatembea, akakimbia, akaolewa, akanipa wajukuu wenye wananisumbua mupaka leo. Jirani aliuzisha mbuzi mbili, akanunua jembe. Kitoto kimoja alinipa pahali pa ile ya madoa. Kijana wake alipigwa shindano zote. Vidonda vikakauka. Pua, dawa hairudishe.

Enfirmie mwenyewe aliomba wamutoshe kwetu. Wakamutuma Walikale. Mama wa mafuta alirudi sokoni na habari. Alikuwa anacheka mupaka hawezi kupima mafuta. Alisema kule hata hajafungua sanduku, wanamuke wa soko walimukuta kwenye njia, wakasimama pande mbili, na wakamulilia kama mbuzi. Wadogo na wakubwa. "Meee, papa. Meee, papa enfirmie." Kila akipita. Nikamuomba anifanyie tena ile sauti, akafanya, nikamurekebisha kidogo, juu mbuzi ya mulima inalia na koo, si na pua.

Kisha siku mingi katekista akatuambia padiri amekuya, twende kuungama mbele ya Pasaka. Nikaenda. Padiri wetu alikuwa muzungu muzee, sauti yake ilikuwa laini kama muhogo yenye imepikwa sana.

"Binti yangu, kuko muntu mwenye unachukia?"

"Kuko, mompere."

"Nani?"

Nikamuambia. Alikuwa amesikia, mambo ya mbuzi ilifika mupaka misioni.

"Lakini ameenda. Na mutoto wako amepona. Si vile? Na mbuzi zilirudi. Basi inabakia nini mu roho yako?"

"Mutoto wa jirani hana pua, mompere."

Nilisikia anapumua upande ule wa mbao.

"Unaweza hata kuanza kumusamehe? Kidogo tu? Sema: Bwana, nataka kutaka."

Miye naweza kuiga sauti yote. Ningeweza kumupatia sauti ya mwanamuke mwenye amesamehe, na machozi juu yake, na angenipa rosari moja na kuniachilia. Nikafungua kinywa. Sauti haikutoka.

"Mompere, nitakudanganya," nikasema. "Uniache niende."

Nikatoka. Jirani alikuwa kwenye banki anangoja zamu yake, kitambaa kimefungwa vizuri ku kichwa, rosari mu mukono. Kijana wake alikuwa inje na watoto, nilimusikia anacheka na ile sauti yake ya hewa.

"Anauliza nini?" akasema.

"Anauliza kama tumemusamehe enfirmie."

Jirani akaangalia kile kisanduku cha mbao, akaniangalia. Akaweka rosari ndani ya kitambaa, akafunga fundo.

"Maharagi imejaa magugu," akasema.

Tukaenda kulima.